Mama Kevina, Msamaria wa Nsambya

Somo la wiki: Luka 10:25–37, Warumi 14:1–13

Katika mfululizo wetu wa watu waliotumiwa na Mungu tumeshaangalia wainjilisti na watu wa uamsho. Wiki hii nawaletea mtu ambaye wengine wenu mtashangaa kumuona katika ukurasa huu. Alikuwa sista wa Kikatoliki, tena kutoka Ireland. Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Huko Uganda watu walimwita Mama Kevina.

Kabla hujageuza ukurasa, niseme wazi. Sisi hatuombi kupitia watakatifu, wala fundisho letu kuhusu wokovu halijabadilika. Lakini Bwana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, hakuchagua mfano kutoka kwa watu wa sinagogi lake. Alimchukua Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake walimhesabu amepotea kwa ibada na kwa ukoo, akamweka mbele yao kama mwalimu. Basi tukubali kufundishwa.

Sababu ya pili iko hapa nyumbani. Karibu kila wiki naletewa kesi ya familia iliyogawanyika. Mama ni Mkatoliki wa miaka hamsini, ana rozari yake na kadi ya jumuiya. Watoto wameokoka, wako kwetu. Siku ya harusi ni vita. Siku ya mazishi ndiyo mbaya zaidi: padre aje ama pasta aje, nani ashike kipaza sauti. Nimeona kijana akisimama nje ya geti wakati wa misa ya mamake mzazi, ati hawezi kuingia kwa sababu ameokoka. Nilimwangalia yule kijana nikajiuliza, hii roho tuliitoa wapi? Wapendwa, hii roho ina historia, na Mama Kevina alizaliwa ndani yake.

Tuanze na Ireland yenyewe. Katika karne ya 16 mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alijitenga na Papa wa Roma, na mwaka 1536 bunge la Ireland lilitakiwa limkubali kuwa mkuu wa kanisa. Watawa wakafukuzwa, mali ya nyumba zao ikachukuliwa. Sasa elewa vizuri. Sisi Waprotestanti tunapenda kusoma habari za matengenezo ya kanisa kama habari njema: Biblia ikafunguliwa, watu wakaisoma kwa lugha yao. Na ni kweli. Lakini kule Ireland matengenezo yalikuja na askari wa mfalme na wenye kunyakua mashamba. Yalikuja kwa Kiingereza, kwa watu ambao wengi wao hawakuzungumza Kiingereza. Mwananchi wa kawaida hakuona Injili, aliona mkoloni. Kwa hiyo akashikilia misa yake kama vile mtu anavyoshikilia shamba la babu. Kuwa Mkatoliki kukawa ndiyo kuwa Mwairishi.

Baadaye zikaja sheria za kuwabana. Mkatoliki alikatazwa kununua ardhi, kuendesha shule, kukaa bungeni. Watu walisali porini, juu ya mawe, na mmoja wao akichunga njia. Nyingi za sheria hizo zililegezwa polepole, na ilipofika 1829 Mkatoliki aliruhusiwa kuingia bunge la London. Lakini kidonda kilibaki.

Halafu ikaja njaa kubwa, kuanzia 1845. Ugonjwa uliingia kwenye viazi, na viazi ndivyo vilikuwa ugali wao. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli kwenda Marekani na kwingineko. Katika njaa hiyo walikuwepo wahubiri wa Kiprotestanti waliogawa supu kwa sharti: ukitaka kula, acha kanisa lako, mpeleke mtoto shule yetu. Siyo wote waliofanya hivyo. Marafiki, hawa Quaker ambao majirani zetu wa Kaimosi na Lugari wanawafahamu sana, waligawa chakula bila kumuuliza mtu dini yake, na mpaka leo Waairishi wanawakumbuka kwa heshima. Lakini wale wa supu yenye sharti waliacha sumu. Miaka mingi baadaye, kumwambia Mwairishi kwamba watu wake walikunywa supu lilikuwa tusi kubwa. Jiulize, mpendwa: ukimpa mjane unga ili aje kanisani kwako, umempa nini hasa?

Ndani ya watu hao akazaliwa Teresa, Aprili 1875, karibu na mji wa Arklow, jimbo la Wicklow. Babake alikufa kwa ajali ya kazi ya shamba miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mamake akaolewa tena, akafariki binti akiwa na miaka kumi tu. Teresa akalelewa na nyanya yake, mama wa mamake. Tena akiwa na miaka 17, nyanya naye akaondoka. Kufikia hapo msichana hakuwa amebakiwa na mtu wa kumwita mlezi. Alifundisha shule kwa muda, kisha mwaka 1895 akaingia utawa kwa masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Mwaka 1898 akaweka nadhiri na kupewa jina la Sista Mary Kevin. Alijitolea kwenda Marekani kuhudumia watu weusi. Akangoja miaka. Marekani haikufunguka. Mlango uliofunguka ulikuwa Afrika.

Na huku Afrika, wapendwa, kidonda kilekile cha Ulaya kilikuwa kimeshafika mbele yake.

Wamisheni wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Mapadre Wafaransa wakafuata 1879. Mbele ya mfalme mmoja, katika baraza moja, Mwingereza Alexander Mackay na Mfaransa Padre Lourdel walibishana kuhusu nani ana dini ya kweli. Hebu jiweke mahali pa Mutesa. Wageni wawili wanakuja na Yesu mmoja, na kila mmoja anakuambia mwenzake ni mwongo.

Lakini damu haikubishana. Kati ya 1885 na 1887, chini ya Kabaka Mwanga, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana waliuawa pamoja. Majina yaliyohifadhiwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Tarehe 3 Juni 1886 pale Namugongo walichomwa vijana wa makanisa yote mawili, moto ni mmoja. Mahujaji wa Kikatoliki wanaotembea kwa miguu kutoka huku kwetu kuelekea Namugongo, ile safari tunayoiona kila mwaka barabara ya Malaba, wanakwenda mahali ambapo ndugu zetu pia walikufa.

Ungefikiri baada ya moto ule wangependana. Haikupita miaka sita. Wakatoliki waliitwa Wafaransa, Waprotestanti waliitwa Waingereza, na walioitwa hivyo walikuwa Waganda watupu, mtu na binamu yake! Dini ikageuka kabila. Machifu wakagawana vyeo na ardhi kwa dini. Tarehe 24 Januari 1892 wakapigana Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alikuwa na bunduki za Maxim, akaziwasha upande wa Waprotestanti. Kanisa la Wakatoliki juu ya kilima cha Rubaga likateketea. Wakatoliki wakakimbilia Buddu na visiwani. Wakristo walifanya hayo kwa Wakristo.

Sisi watu wa Eldoret hatuhitaji kuelezwa sana. Tunajua jinsi jirani anavyogeuka kuwa adui kwa jina tu. Tunajua kanisa la Kiambaa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008, watu wakiwa ndani, akina mama na watoto. Pale jina lilikuwa la kabila, Mengo jina lilikuwa la dini. Roho ni ile ile.

Baada ya vita vile Roma iliona kwamba Mkatoliki Uganda atahesabiwa Mfaransa siku zote, na serikali ya Kiingereza itamshuku. Kwa hiyo wakaleta mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Walifika 1895, wakapewa kilima cha Nsambya. Kazi yao mojawapo ilikuwa kuonyesha tu kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki na asiwe Mfaransa. Na Hanlon ndiye aliyeomba masista.

Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita wakaondoka London. Mwaka huohuo ndio Quaker walianza kazi Kaimosi. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imegusa Ziwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Hii Sisibo yetu haikuwa bado kwenye ramani. Katikati ya Januari 1903 wakafika Nsambya. Kevin alikuwa na miaka 27.

Alikuta nini? Vilima. Namirembe ni cha Waanglikana, Rubaga cha mapadre Wafaransa, Nsambya cha Mill Hill, Kibuli cha Waislamu. Kila kilima kinatazama kingine kama ngome. Kule Mengo Daktari Albert Cook, Mwanglikana, alikuwa na hospitali tangu 1897. Na katikati ya vilima vyote, ugonjwa. Malale ilikuwa inafagia Busoga na visiwa vya Ziwa; katika miaka michache waliangamia zaidi ya watu 200,000. Malaria, ndui, akina mama wakifa uzazini.

Sista Kevin hakuwa na hospitali. Alianza chini ya mwembe. Wagonjwa walikaa kivulini, naye akasafisha vidonda mmoja baada ya mwingine. Huo ndio mwanzo wa hospitali ya Nsambya ambayo iko mpaka leo. Mwaka 1906 wakafungua kituo kingine Nagalama.

Ikaja vita kuu ya kwanza. Wapagazi, wale watu waliobeba mizigo ya jeshi, ambao jina lao limebaki Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam, walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Wengine waliletwa Nsambya wakiwa mifupa. Walikuwa wa kila lugha na kila dini, na wengi hawakuwa na dini yoyote ya kitabu. Masista waliwapokea na kuwauguza.

Mwaka 1918 Uingereza ilimpa Kevin nishani ya MBE kwa kazi hiyo. Fikiria mwaka huo. Miaka miwili tu kabla yake, Dublin ilikuwa imeinuka dhidi ya Uingereza na viongozi wake wakapigwa risasi. Mwaka uliofuata Ireland iliingia vita vya uhuru, na kufikia 1922 nchi ikawa imegawanyika mara mbili, kaskazini iliyoongozwa na Waprotestanti ikabaki kwa Uingereza. Binti wa Wicklow alikuwa na kila sababu ya kubeba uchungu wa kwao na kuupanda Uganda. Mbegu ilikuwa mkononi. Udongo ulikuwa tayari, ulishalimwa na Lugard. Yeye akapanda zahanati.

Kuna pambano moja ambalo mimi nalipenda zaidi katika maisha yake. Akina mama walikuwa wanakufa wakijifungua, na sheria ya kanisa lake ilikataza masista kufanya kazi ya ukunga. Angefanya nini? Angeweza kutii na kunyamaza, aseme ni mapenzi ya Mungu. Angeweza kuasi. Hakufanya lolote katika hayo mawili. Katika miaka ya 1920, pamoja na Daktari Evelyn Connolly, mwanamke Mkatoliki ambaye si sista, alisimamisha mafunzo ya wauguzi na wakunga wa Kiafrika pale Nsambya. Yule ambaye sheria haikumfunga akafanya kile ambacho sista hakuruhusiwa. Na wakati huohuo akaendelea kuiomba Roma ibadilishe sheria. Aliomba miaka na miaka. Mwaka 1936 Roma ikakubali, masista wakaruhusiwa kusomea udaktari na ukunga, siyo wa Uganda peke yao, bali wa dunia nzima.

Kule Mengo nako Daktari Cook na mkewe Katharine walikuwa wanafundisha wakunga wao. Kwa hiyo vilima viwili vilivyopigana kwa Maxim mwaka 1892, miaka thelathini baadaye vilikuwa vinashindana kuokoa watoto wachanga. Kama ni lazima Wakristo washindane, Bwana atupe mashindano ya aina hiyo!

Mwaka 1923 Mama Kevina alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, kwa wasichana wanane. Wakati huo Wazungu wengi hawakuamini kwamba msichana Mwafrika anaweza kuongoza kitu. Leo shirika hilo limevuka mpaka, liko hata hapa Kenya na Tanzania. Katika miaka ya 1930 akafungua vituo vya wagonjwa wa ukoma, Nyenga na Buluba, mahali ambapo watu waliotupwa na ukoo wao waliguswa tena na mkono wa binadamu. Shule zikafuata, za wasichana hasa. Mwisho wake jina lake likawa neno: Waganda wakaita kevina hospitali, ama nyumba ya huruma, ama kazi ya kujituma. Ni wangapi kati yetu majina yetu yatakuwa neno jema mdomoni mwa watu wa kilima kingine?

Alistaafu akiwa na miaka 80, akapelekwa Boston, Marekani. Unafikiri alipumzika? Alikuwa anatafuta pesa za misheni mpaka siku ya mwisho. Alifariki usingizini Oktoba 1957. Mwili ukarudishwa Ireland kuzikwa. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Walisema huyu ni mama yetu, wakaomba mwili uletwe. Ukaletwa kwa ndege, na Desemba 1957, miaka 55 tangu aondoke London, akazikwa Nkokonjeru. Wakatoliki wamefungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Hayo ni yao. Mimi nachukua mafunzo matatu.

La kwanza: kuokoka siyo kuhama timu. Mtu akitoka kanisa moja kwenda lingine bila moyo kubadilika, amebadilisha jezi tu. Machifu wa Mengo walibatizwa na kujua katekisimu, na bado walichoma. Ukiona wokovu wako umekufanya umdharau mamako, rudi ukaangalie ulichopokea.

La pili: huruma haina sharti. Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza yule majeruhi anaabudu mlima gani. Alimwaga mafuta, akalipa nyumba ya wageni, akaondoka. Kamati yetu ya huduma isikie hili tunapogawa chakula Langas na Huruma. Mhubirie mtu Yesu, ndiyo, kwa ujasiri wote! Lakini sahani ije bila fomu ya ushirika chini yake.

La tatu: uaminifu na mabadiliko si maadui. Mama Kevina hakuacha kanisa lake hata siku moja, na hakuliacha lilivyokuwa. Wako kati yetu waliotoka kwa dhamiri safi, baada ya kusoma Neno, na mimi siwezi kuwaambia warudi. Wako majirani waliobaki kwa dhamiri safi. Paulo katika Warumi 14 anatukumbusha kwamba kila mtumishi husimama au huanguka mbele ya bwana wake mwenyewe. Kiti cha hukumu kina mwenyewe, na hakijaachwa wazi ili mimi na wewe tukikalie.

Kwa hiyo nina kazi ya wiki kwa kila nyumba. Kama una mzazi, dada ama shemeji wa kanisa lingine ambaye hamjasalimiana kwa sababu ya dini, mtembelee kabla ya Jumapili. Usibebe hoja. Beba sukari na majani chai. Kama kuna msiba katika ukoo na misa itasomwa, ingia, keti na wenzako, lia nao. Kukaa kwenye benchi la kanisa la mamako hakujamnyang'anya mtu wokovu.

Na wewe uliyesimama nje ya geti siku ile, kama unasoma haya: kaburi la mamako bado liko. Nenda ukapande maua, na uwakaribishe wale wajomba mliokosana. Piga simu, tutaenda pamoja.

Tuombe. Baba, utuondolee roho ya Mengo katika nyumba zetu. Utupe mikono ya Msamaria. Tusimame katika kweli bila chuki, na tupende bila kuiacha kweli. Katika jina la Yesu, amina.